Uliuziwa Ndai ya Umeme 'Inajiendesha'? Soma Hii Kabla Uachilie Stiya Waiyaki Way

Jumamosi moja usiku, kitu saa nne na nusu, nilikuwa nimekalia kiti ya abiria kwa ndai ya beshte yangu tukitoka Westi kuelekea Uthiru. Ndai ni ya umeme, kadogo hivi, ya Mjapani, na ilikuwa imeshuka meli Mombasa miezi michache tu. Brand sitaji, juu stori si ya brand. Jamaa alikuwa amejaa raha. Wiki hiyo fundi fulani alikuwa amemfanyia "apdeti" ya zile vitu za kusaidia dere, na sasa alitaka nione vile gari inafuata leni yenyewe. Akabonyeza kitufe kwa stiya, alama ikatokea kwa skrini, akashusha mikono mapajani kama msee anangoja chai.

Kutoka ABC Place mambo yalikuwa poa kabisa. Stiya ilikuwa inajisogeza kidogo kidogo, gari iko katikati ya leni, na mimi nikaanza kufikiria labda nimekuwa mshamba wa teknolojia. Tukipita Kangemi, gari ikajikanyagia breki. Mbele hakukuwa na kitu. Hakuna nduthi, hakuna mtu, hata paka hakuna. Nyuma kulikuwa na mathree imetukaribia kama kawaida yao, na dere akakata kulia sekunde ya mwisho huku amelalia honi. Makanga alitoa kichwa kwa dirisha akatusalimia na maneno ambayo mhariri wangu atayatoa, kwa hivyo wacha nisijisumbue kuyaandika.

Kimya kwa gari. Halafu beshte yangu akasema, kwa sauti ya chini: "Lakini si nilifanya apdeti?"

Nikamwuliza alilipa ngapi na alifanyiwa nini hasa. Swali ya kwanza alikuwa na jibu: thao nane. Ya pili hakuwa nayo. Na tangu hiyo siku, kila mtu mwenye ndai ya umeme ninayekutana naye, kutoka Kileleshwa hadi Kinoo, namwuliza hayo maswali mawili. Wengi wanajua bei tu.

Kwanza, hiyo kitu ni nini?

Tuanzie hapo juu watu wengi wanachanganya. Gari yako inaweza kuwa na kamera ndogo juu ya kioo ya mbele, nyuma ya ile kioo ya kuangalia nyuma. Inaweza pia kuwa na rada, imefichwa nyuma ya nembo au ndani ya bampa. Kamera inasoma mistari ya leni, magari, watu, saa zingine hata vibao vya spidi. Rada inapima gari ya mbele iko umbali gani na inakuja au inaenda kwa kasi gani. Kuna kompyuta inachanganya hizo habari mbili halafu inaamua: punguza mwendo, ongeza, sogeza stiya kidogo, au piga breki ya dharura.

Nissan waliita yao ProPILOT, ikaanza na Serena huko Japani mwaka 2016, halafu Leaf ya kizazi cha pili ikaipata mwaka 2017. Tesla waliita yao Autopilot. BYD walitangaza yao, God's Eye, Februari 2025, na wakasema wataiweka hadi kwa gari zao za bei ya chini kabisa huko China. Majina ni makubwa kweli: rubani, jicho la Mungu. Lakini zile zinauzwa kwa mtu wa kawaida karibu zote ziko kwa daraja moja ambalo wataalamu wanaita kiwango cha 2. Maana yake gari inasaidia, wewe unaendesha. Macho yako kwa barabara, mikono yako kwa stiya. Ukiiachilia, gari itakupigia kelele, na ina haki.

Sasa mbona hizi ndai zimejaa Nairobi ghafla? Sababu moja ni sheria yetu ya miaka 8. Gari kuukuu ya kutoka nje haikubaliwi kuingia Kenya ikiwa imezidi umri huo, kwa hivyo mwaka 2025 zilizoruhusiwa ni za 2018 kwenda juu. Hiyo 2018 ndio wakati hizi mashine za kusaidia dere zilianza kuwa za kawaida kwa magari ya Japani. Yaani kile kilikuwa cha mabwenyenye miaka saba iliyopita sasa kiko kwa yadi za Ngong Road. Sababu nyingine ni pesa. Tangu 2019 ushuru wa bidhaa kwa gari ya umeme ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 10, na mwaka 2023 kukaja bei maalum ya stima ya kuchajia, shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku kabla ya kodi. Ukilinganisha na petroli, mtu wa teksi haulizi mara mbili.

Apdeti inakuja aje?

Simu yako ikiapdeti unajua: inachukua bando, inazima, inawaka, na kitufe chenye ulikuwa unakipenda kimehamishwa. Gari ni karibu hivyo, ila ikikosea huwezi kuizima na kuiwasha ukiwa spidi ya 80.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya hewani. Gari ina laini yake ya simu ndani au inashika Wi-Fi yako ya nyumbani, inashusha programu mpya, unaamka asubuhi iko tofauti. Tesla ndio walifanya hii kitu iwe stori duniani. Oktoba 2015 watu walilala na gari ya kawaida, wakaamka na gari inashika leni yenyewe, bila kuguswa na fundi. Njia ya pili ni ile ya zamani: unaenda kwa wakala wa kampuni, wanachomeka kompyuta yao, wanabadilisha programu ya kifaa kimoja kimoja. Magari mengi ya Japani yenye tuko nayo hapa ni ya hii njia ya pili. Shikilia hiyo point, tutairudia.

Watu wanafikiri apdeti kila saa ni kitu poa. Si kila saa. Oktoba 2021 Tesla walitoa toleo moja la ile programu yao ya majaribio, na kwa siku moja hivi magari yakaanza kuonya kuhusu ajali ambazo hazipo, na mengine kupiga breki bila sababu. Ilibidi warudishe toleo la zamani haraka, halafu wakaitisha rasmi magari 11,704. Sababu waliyotoa ni kwamba chipu mbili ndani ya gari ziliacha kusikizana vizuri. Fikiria hiyo: mwenye gari hajafanya makosa yoyote, amelala tu.

Mwaka huo huo walikuwa wametoa rada kwa Model 3 na Model Y mpya za Marekani, wakasema kamera zinatosha. Kufika Februari 2022, wasimamizi wa usalama barabarani huko walikuwa wamepokea malalamiko 354 ya magari kujipigia breki barabarani bila kitu mbele, wakafungua uchunguzi uliogusa magari kama 416,000. Desemba 2023 zaidi ya magari milioni 2 yakaitishwa juu ya Autopilot, na dawa ilikuwa apdeti nyingine ya hewani, ya kuongeza maonyo ili dere asilale. Siku hizi gari "inaitishwa" na haitoki hata parking.

Kwa hivyo ile breki ya Kangemi ina jina duniani. Wanaita breki ya mzimu. Inakuja juu ya kivuli, daraja, lori imepaki kando, mwanga wa jua umelenga kamera, ama programu yenyewe imechanganyikiwa. Sisi tulikuwa usiku, na hakukuwa na daraja. Nitakuambia mbele kidogo ilikuwa nini.

Mama Mjapani na laini iliyokufa

Kama umewahi kupanda Uber Nairobi, unamjua mama Mjapani. Gari ikiwashwa tu, anaongea kwa sauti tamu, madere wengi wamemzoea hawamsikii tena. Wajua anasema nini? Mara nyingi anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara za toll za Japani. Miaka inapita, gari iko Kawangware, mama bado anaulizia kadi.

Huyo mama ndio picha poa ya shida yetu ya apdeti. Gari ilijengwa kuishi Japani. Laini ya simu iliyo ndani, kama iko, ni ya mtandao wa huko na mkataba wake uliisha mwenye kwanza alipoiuza. Redio inashika masafa ya huko, ndio maana ulibidi uongezewe kifaa ndio ushike stesheni za juu. Ramani ni ya Osaka. Na kompyuta ya kamera inangoja fundi wa wakala wa Japani aliye na programu ya gari ya soko la Japani. Kwa hivyo ukisikia mtu Nairobi anakuuzia "apdeti ya ProPILOT" kwa ndai ya mtumba, muulize pole pole: umeitoa wapi, na inaenda kwa kompyuta gani?

Mara nyingi kile kimefanyika ni kimoja kati ya vitatu. Fundi amebadilisha lugha ya skrini ikawa Kizungu, ambayo ni kazi halali na inasaidia, lakini haigusi breki. Ama ameamsha mipangilio fulani iliyokuwa imezimwa. Ama, na hii ndio ya hatari, amechomeka mashine akafuta makosa. Gari ilikuwa na taa ya onyo, taa imezima, mteja amefurahi. Ile shida bado iko pale, imenyamazishwa tu. Beshte yangu alikuwa amefanyiwa ya kwanza na ya tatu.

Wenye Leaf mtaani wamejipanga vizuri kushinda wengi. Kuna kale kadude ka kuchomeka chini ya dashibodi, unaunganisha na programu ya simu inaitwa LeafSpy, na inakuonyesha afya ya betri hadi seli moja moja. Mtu akiuziwa Leaf bila kuonyeshwa hizo namba, wenzake wanamcheka. Lakini hiyo ni ya betri na makosa. Haileti programu mpya ya kamera.

Tesla ziko Nairobi chache, zililetwa na watu binafsi, nyingi kutoka nchi za stiya ya kulia kama Uingereza. Hakuna duka lao rasmi hapa, hakuna chaja zao za haraka. Apdeti zinaweza kuingia kwa Wi-Fi ya nyumbani, hiyo ni afadhali. Ila gari inapokea yale ya soko ilikotoka, kwa hivyo ukiona vidio ya jamaa wa California gari ikimpeleka hadi mlangoni, usidhani yako itaamka hivyo kesho Lavington.

Na kuna zile mpya, za Kichina, zinazouzwa hapa na mawakala wa hapa. Hizo ndio ziko na nafasi poa zaidi ya kupata apdeti halali, juu kuna ofisi unaweza kwenda kukalia kiti hadi wakuskize. Msee mmoja wa Kilimani ameniambia kitu kimoja kinamkera: kila apdeti ikiingia, mipangilio yake inarudi mwanzo. Anazima kengele ya leni, apdeti inaiwasha. Anapita Ngong Road, gari inasoma kibao cha spidi cha barabara ya pembeni, inaanza kumlilia. Amezoea sasa. Kabla atoke na toleo jipya anakaa parking dakika tano anapitia kurasa zote za skrini. Nikamwambia hiyo ndio akili kubwa nimesikia mwaka huu, akacheka akasema ni hasira tu.

Kamera haijui mkokoteni

Sasa tuje kwa barabara zetu, juu hapa ndio mambo iko.

Ile Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westi, ni kama ilijengewa hizi mashine. Mistari imechorwa, spidi ya juu ni 80, hakuna nduthi, hakuna mtu anavuka, hakuna mama anauza njugu katikati. Wenye gari wote nimeongea nao wanasema wanatumia hiyo teknolojia huko na inafanya kazi fiti. Ukishuka tu, dunia inabadilika.

Tom Mboya saa kumi na moja jioni, leni ni wazo tu. Pale Globe mtu anaingia kwa pengo la sentimita kumi na anashukuru kwa mkono. Kama umeweka gari iache nafasi salama mbele, hiyo nafasi ni mwaliko: mathree itaingia, gari yako itapiga breki kuacha nafasi nyingine, mathree ya pili itaingia. Utafika nyumbani Ijumaa. Kuna bampu ambazo hazina rangi wala kibao, na hakuna apdeti ya Tokyo imewahi kuambiwa kuhusu bampu ya Kawangware. Kuna nduthi inakuja upande wa kushoto, ikitoka mahali ambapo kwa sheria hakuna kitu kinatoka.

Halafu mkokoteni. Hii si mzaha. Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari ya majaribio ya Uber ilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta kompyuta ilimwona sekunde kadhaa kabla, lakini ikawa inabadilisha mawazo: ni gari, ni kitu kisichojulikana, ni baiskeli. Kila ikibadilisha jina, ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Na haikuwa imefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali hakuna kivuko. Sasa chukua hiyo akili uilete Kangemi saa mbili usiku, mtu anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, hana taa, anavuka pale ameona panamfaa. Gari ya Uber ilikuwa na vifaa vingi kushinda ndai yako.

Hesabu za NTSA za 2024 zilipita vifo 4,700 barabarani, na kundi kubwa zaidi ni watu wa miguu. Hao ndio kamera yako inabidi iwaone. Breki ya dharura inasaidia, mimi sitasema zima. Imeokoa watu, na siku moja utakuwa umeangalia simu (najua hutakiwi) na itakuokoa. Nasema tu usiihesabu kama macho ya pili. Ni kama abiria mwenye uoga: saa zingine anapiga kelele bure, saa zingine ako right, na leseni hana.

Kampuni ikikufa je?

Hii ndio sehemu watu hawafikirii wakinunua. Apdeti inatoka kwa mtu fulani, na huyo mtu analipwa mshahara.

Katikati ya 2024 Neta, brand ya China, ilizinduliwa Nairobi na ikapata attention juu ilikuwa gari mpya ya umeme kwa bei kama milioni 4. Juni 2025, kampuni mama, Hozon, ikaingia kwa kesi ya kufilisika huko China. Gari bado inaenda, mota haijui kampuni imeanguka. Lakini swali la nani atatoa programu mpya miaka mitano ijayo linabaki limening'inia. Marekani waliipitia na Fisker, ambayo iliomba ulinzi wa kufilisika Juni 2024. Magari yao yaliuzwa na ahadi kwamba baadhi ya vitu, kama cruise inayofuata gari ya mbele, vitakuja baadaye kwa apdeti. Kampuni ikaanguka, wenye magari ikabidi waunde chama chao wenyewe kutafuta vipuri na namna ya kushika programu isife.

Majirani zetu Ethiopia nao wana yao. Serikali ilipiga stop kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, na Addis ikajaa magari ya umeme, mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China, ikiwemo Volkswagen za ID zilizopita njia za wafanyabiashara binafsi. Skrini iko Kichina, wakala wa China yuko mbali. Sisi stiya yetu ni kulia kwa hivyo mzigo huo wa China haukuja moja kwa moja, na hapo Mkoloni alitusaidia bila kukusudia.

China wenyewe wameshtuka. Machi 2025 gari ya Xiaomi SU7 ilikuwa inajishikilia kwa barabara kuu mkoani Anhui kwa spidi ya 116, ikaingia eneo la ukarabati. Dere alichukua stiya sekunde chache kabla, ikagonga kizuizi, wasichana watatu wa chuo wakafa. Aprili wizara husika ikaita makampuni ya magari na kuwaambia waache kutumia maneno kama "inajiendesha" kwa matangazo, na wasitume apdeti za mifumo hii hewani kiholela bila idhini. Yaani nchi yenye imejaa hizi gari kushinda yeyote imesema polepole. Halafu wewe unapewa ahadi na broker wa Ngong Road mwenye anajua gari kwa rangi.

Karau atamshika nani?

Ukigonga mtu na kitufe kimewashwa, usitegemee kusema "ni gari". Sheria yetu ya Traffic, Sura ya 403, kifungu cha 46, inaongea juu ya mtu aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, na adhabu inafika miaka 10. Mtu, si programu. Hakuna mahali inauliza toleo lako lilikuwa la ngapi. Na ile "apdeti" ya thao nane isiyo na risiti, jiulize utaielezaje kwa bima siku hiyo wakikuuliza nani aligusa mfumo wa breki.

Kwa hivyo kama unanunua, kabla ujali skrini, angalia kioo ya mbele. Imewahi kubadilishwa? Alama za mtengenezaji ni sawa na za vioo vingine? Kamera imeshikana na hiyo kioo, na ikibadilishwa lazima kamera ipimwe upya kwa vibao maalum na mashine, la sivyo inaangalia dunia imepinda kidogo. Nyuzi moja ya kosa kwa kamera, mita hamsini mbele ni karibu mita nzima, yaani mtu wa pembeni ameingia leni yako. Angalia pia bampa kama imepigwa rangi upya au kuna mtu ameweka chuma cha urembo mbele ya rada. Na betri ndogo ya volti 12, ndio, gari za umeme zinayo, ikichoka inaleta taa za onyo za ajabu ambazo fundi atakuuzia kama shida ya kompyuta. Muulize muuzaji gari ni ya soko gani, laini ya ndani inafanya kazi ama imekufa, na programu ilibadilishwa mwisho lini na nani. Akijibu "hiyo ni otomatiki", shika mkoba wako.

Beshte yangu ndai yake, ilitokea kwamba kioo ya mbele ilipigwa na jiwe la lori pale Rironi wiki ya pili baada ya kuichukua. Akaenda akawekewa nyingine kwa masaa mawili, bei poa, hakuna mtu alimwambia kuhusu kamera. Taa ya onyo ikawaka, ndio akaenda kwa fundi wa apdeti, ndio taa ikafutwa, ndio tukafika Kangemi. Baadaye alipata gereji yenye vile vibao vya kupimia. Wakamwonyesha kwa mashine kamera ilikuwa imeelekea kushoto, inasoma magari yaliyopaki kando kama yako mbele yake. Alilipa mara tatu ya ile thao nane.

Wiki iliyopita tumepanda naye tena, njia ile ile. Amewasha kitufe pale Expressway, akazima tukishuka Westi. Kangemi tumepita akiendesha mwenyewe, mikono miwili kwa stiya, na mathree imetukalia nyuma hadi Uthiru.